Bakuli la Mama na Siku ya Kushukuru

Kwenye mazishi ya Baba, mwanamume mmoja alishika maikrofoni akawaambia waombolezaji kwamba marehemu alikuwa mfanyakazi wake mwaminifu. Mfanyakazi wake. Nilikuwa nimebeba sinia la chapati, nikalitua chini nimtazame vizuri anayesema. Alikuwa na suti ya kijivu, alikuja Ukambani na gari lake mwenyewe, na pesa za jeneza alikuwa ametoa yeye. Nani angembishia? Kwetu aliyechangia jeneza huachiwa maikrofoni mpaka achoke mwenyewe.

Basi acha niseme mimi, kwa kuwa siku ile sikusema. Nimerudi Nairobi na hasira yangu nzimanzima. Jumapili jioni nilikuwa napaka viatu vya shule vya mwanangu rangi ya kahawia, na ile harufu ikanirudisha Shauri Moyo, mtaa niliokulia, kabla sijamaliza kiatu cha kwanza. Ninyi mliokulia Eastlands miaka ile, ambao baba zenu walichonga vinyago au walikuwa na jirani mchongaji, mnajua ninachosema. Twiga mnaowaona wanang'aa madukani waling'arishwa kwa rangi ya viatu na kitambaa cha fulana kuukuu. Baba alinuka rangi hiyo kanisani, alinuka mezani, na nilipokuwa mdogo nilidhani ndiyo harufu ya wanaume wote.

Kibanda chake kilikuwa pembeni mwa Majengo, ukipita kuelekea Gikomba. Alikisimamisha mwenyewe kabla sijazaliwa, mabati juu, mbao za masanduku kando, na chini vumbi la muhugu, mti aliochongea, lililonukia vizuri kuliko nyumba yetu. Hakuna aliyeuliza kibanda ni cha nani. Kilikuwa cha Baba Mwende, na Mwende ni mimi. Mama aliuza nguo za watoto Gikomba, lakini wiki nyingi mauzo yake yaliishia kwenye mboga. Kibanda ndicho kilicholipa nyumba na shule. Mama alizoea kusema kwamba siku tukikipoteza, tutarudi Ukambani kuchota mchanga mtoni na kuwapakilia watu wa malori, na hakusema kwa mzaha.

Baba alikuwa na sharti moja lililowachosha wateja. Hakuchonga kitu asichokijua tabia. Ukimletea picha ya mnyama, atakuuliza analalaje, anamwita mtoto wake vipi, akiona adui anakimbia au anasimama. Mzungu mmoja alimletea picha ya ndege wa barafuni na Baba akakaa nayo mpaka alipompata mwalimu wa kumweleza kwamba ndege huyo hubeba yai juu ya miguu. Hapo ndipo alipochukua tezo, shoka lake dogo la kuchongea. "Nikichonga nisichokijua," alisema, "huo ni ukuni tu."

Mama naye alikuwa na sharti lake, ambalo kwa kweli lilikuwa la ploti nzima, wapangaji wote wa ua wetu. Bakuli la jirani halirudi tupu. Shosho Wairimu, bibi wa chumba cha pili, akituletea viazi, bakuli lake litarudi na maharagwe, na kama hakuna maharagwe, litarudi hata na chumvi. Tuliamini kurudisha chombo kitupu ni kumwombea mwenyewe njaa. Na ili vyombo visipotee matangani na harusini, kila mama alipiga alama ya rangi chini ya vyombo vyake. Alama ya Mama ilikuwa mstari wa bluu. Bakuli lake kubwa la bati, lenye waridi jekundu ubavuni, lilikuwa na mstari huo, na lilizunguka ploti nzima na kurudi.

Muli alitukuta hivyo. Alitoka upande wa kwetu, mama yake na Baba walikuwa wa kanisa moja, na alikuwa amemaliza fomu foo akaona mji utamngoja. Haukumngoja. Alipobisha mlango wetu viatu vyake vilikuwa vimefungua midomo, na alikula muthokoi siku hiyo, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, huku ameinamisha kichwa mpaka bakuli lilipoisha. Sahani hazikututosha, kwa hiyo alikulia kwenye bakuli lile la waridi, na likawa lake. Usiku alilala kibandani juu ya magunia, asubuhi alikuja kwa chai. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Baba alimpa msasa. Mikono yake haikuwa ya kazi hiyo. Lakini Kiingereza alikuwa nacho, kingi, na kabla ya muda mrefu akawa anasimama nje ya mahoteli mjini akiwakamata watalii na kuwaletea Baba oda. Baba alimwita mwanangu. Na mimi nilimpenda, siwezi kukana, kwa sababu alinifundisha nyimbo na alinibeba mabegani.

Siku moja alirudi macho yanang'aa. Alikuwa amempata mama mmoja wa Kimarekani, mwenye duka kwao, aliyetaka vinyago vya sikukuu yao ya kushukuru. Si twiga, si kifaru. Alitaka watu, meza na chakula, seti nyingi, ziwahi kufika kabla ya mwezi wa kumi na moja.

"Kushukuru nini?" Baba akauliza. Sote tulijua lazima angeuliza.

Muli alikuwa na bakuli mapajani. Akatueleza huku anakula, na alikuwa msimulizi mzuri, huyo mtu. Akasema zamani Waingereza walivuka bahari kwa meli kwa sababu ya mambo ya dini, wakafika Amerika baridi imeanza, hawajui kulima huko, wakafa wengi. Wenyeji wa nchi ile waliwakuta katika hali hiyo. Wakawaonyesha jinsi ya kupanda mahindi.

"Mahindi?" Mama alisema. "Kwani Mzungu hakuwa na mahindi?"

"Hakuwa nayo, Mama. Aliyakuta huko."

"Kumbe," Mama akasema, akamwongezea muthokoi.

"Sasa walipovuna," Muli akaendelea, "wakala pamoja, wageni na wenyeji, siku kadhaa. Ndiyo hiyo wanaikumbuka kila mwaka. Wanapika bata mzinga, familia yote inarudi nyumbani, wanashukuru."

Shosho Wairimu alikuwa mlangoni, amekuja kuomba kiberiti. Alikuwa mwembamba, mkali, aliuza tumbaku ya kunusa na hakumwogopa mtu. Enzi za Hali ya Hatari wakoloni walimhamishia kijiji cha kulindwa na askari, na alipotoka alikuta shamba lao lina ua wa mtu mwingine.

"Hao wenyeji," akasema, "wako wapi sasa?"

Muli alikuna kichwa. "Wapo, Shosho. Wachache. Walitengewa mahali."

"Na shamba?"

"Shamba... si sasa ndiyo Amerika."

Shosho alicheka, akachukua kiberiti. "Hiyo hadithi usinihadithie mimi," akasema, akaenda zake. Mama aliangalia chini. Muli naye akacheka kidogo, akakwangua bakuli.

Mimi nilikuwa mtoto na nilisikia nilichotaka kusikia. Sikusikia habari za shamba. Nilisikia kwamba kuna watu walilishwa na watu, na kwamba kuna siku ya kushukuru, nikajua mara moja ni siku gani hiyo. Ni siku ya kurudisha bakuli. Ingekuwa nini kingine? Nikawaona watoto wa Kimarekani wamevaa vizuri, wameshika mabakuli yaliyofunikwa kwa vitambaa, wanapanga foleni kwenye milango ya wazee wenye manyoya kichwani. Nikawaza kama nao wanapiga rangi chini ya vyombo. Niliwaheshimu sana Wamarekani wiki hizo. Taifa kubwa namna hiyo, halijasahau bakuli.

Nikamwuliza Baba, "Na sisi tunamlisha Muli. Siku yake ya kurudisha ni lini?"

Baba alicheka mpaka akaweka tezo chini. "Hatumlishi ili arudishe, Mwende."

"Mwache mtoto," Mama akasema. "Ameuliza la maana."

Kibaya ni kwamba Baba alikuwa amesikia hadithi ile kama mimi. Alikaa nayo, kama kawaida yake, na alipoanza kuchonga alichonga kitu alichokijua tabia. Wenyeji aliwakalisha mezani, wazee kwa wanawake, migongo imenyooka. Wageni wenye kofia ndefu aliwasimamisha, kila mmoja amebeba chombo kwa mikono miwili, vichwa vimeinama kidogo, wanaleta. Wanawake wa wageni aliwapa mabakuli yaliyofunikwa. Mimi nilipewa kazi ya kupaka rangi ya viatu kwenye kofia. Sijaona kazi nzuri kama ile tena. Nyuso za wale wazee zilikuwa nyuso za watu waliokuwa na hakika kwamba mgeni angerudi.

Muli alipeleka seti ya kwanza mjini, akarudi nayo mikononi.

"Mzee, hizi amezikataa. Amesema ni kinyume. Wageni ndio wakae mezani. Wenyeji wasimame, wao ndio walete chakula."

Baba akachukua kinyago kimoja, akakigeuza. "Hiyo ilikuwa mwanzo. Mwanzo, sawa, mgeni hukalishwa. Lakini si umesema hii ni siku ya kushukuru?"

"Ndiyo."

"Basi siku ya kushukuru nani anabeba chakula?"

"Mzee, ni picha tu. Kwao huwa hivyo. Wageni wanakaa."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo," Muli akasema.

Baba hakubishana zaidi, maana oda ilikuwa imekula pesa zote za magogo na pengine pa kupeleka seti hizo hapakuwepo. Alianza upya. Alitoka nyumbani alfajiri na kurudi macho yamevimba kwa vumbi. Sasa sikilizeni vizuri. Wiki hizohizo ilitangazwa kwamba vibanda vyote vya upande ule vitaandikishwa upya na kupewa namba, na kisichokuwa na namba kitabomolewa. Kuandikisha kulitaka mtu wa kukaa kwenye foleni kutwa na kuongea na makarani. Baba hakuwa na kutwa, na makarani walimtia kizunguzungu. Muli alikuwa na kutwa, na lugha ya makarani alikuwa nayo.

"Nenda, mwanangu," Baba akamwambia. "Kakiandikishe."

Muli akaenda. Akarudi akasema, "Tayari, mzee." Kesho yake vijana walikuja na brashi, wakapaka namba nyeupe mlangoni. Mama alifurahi, akapika chapati katikati ya wiki, na chapati mbili za juu, zile laini, zilikuwa za Muli.

Oda ilikwenda. Wageni mezani, wenyeji wamesimama na vyombo. Muli akasema amepata nyumba Buruburu, ya kushirikiana na mwenzake, na Mama hakutaka aende mikono mitupu. Alimjazia bakuli la waridi muthokoi wenye nazi ya kununua, akalifunga kwa leso. "Utarudisha ukija kutuona," akamwambia. Muli alimkumbatia. Nilimsindikiza mpaka barabarani.

Halafu asubuhi moja Baba alirudi nyumbani jua likiwa bado chini, akakaa kitandani na viatu vyake. Kibandani alikuta kufuli jipya na vijana wawili wasiomjua. Muli akaja baadaye, akampigia magoti ya maneno: eti mzee asiwe na wasiwasi, eti nafasi yake ipo palepale, benchi lake lilelile, atalipwa kwa kila kipande. Kibanda kilikuwa kimeandikishwa kwa jina la Muli. Baba alikwenda kwa chifu na Mama akafunga meza yake Gikomba ili waende pamoja. Waliambiwa jina ni jina. Aliyekijenga alikuwa na shahidi gani? Majirani wote walikuwa mashahidi, lakini hakuna aliyewaita.

Baba alirudi kwenye benchi. Hilo ndilo lililonikera zaidi ya yote, na bado linanikera. Nilitaka achukue tezo ampasue nayo mtu. Alichukua tezo akachonga twiga, kwa kipande, chini ya mabati aliyoyapigilia mwenyewe. Mama hakumsemesha muda mrefu. Kisha akaanza tena kumsemesha, kwa sababu ada ya shule ilikuwa inakuja na mchanga wa mtoni haukuwa mzaha.

Mwisho wa mwaka Muli alileta habari kwamba anafanya maombi ya shukrani nyumbani kwake, mchungaji atakuwepo, na kwaya. Mama alisema hatii mguu. Baba akasema mtu akikuita kwa Mungu huwezi kukataa. Mimi nilivaa gauni langu la Krismasi kabla ya Krismasi. Shukrani! Nilijua maana yake, nilikuwa nimepaka kofia za wageni kwa mkono wangu. Muli alikuwa amechelewa tu, kumbe alingoja siku yenyewe. Atamkalisha Baba mbele, atakuja na bakuli kwa mikono miwili, na ndani ya bakuli, sijui kwa namna gani, kitakuwemo kibanda. Nilimwambia Mama asipike jioni, tungeleta chakula. Mama alinifunga vifungo vya mgongoni.

Turubai lilikuwa limefungwa nje ya nyumba, viti vya mbele vina vitambaa. Mimi na Baba tulionyeshwa benchi la nyuma, karibu na tangi la maji. Mlango wa sebule ulikuwa wazi na juu ya kabati niliona seti moja ya meza ya Baba, ile ya pili. Wageni wameketi na kofia zao.

Muli alisimama kushuhudia. Alisema alikuja Nairobi hana mtu. Hana baba wa kumshika mkono, hana ndugu wa kumpa hata maji, alilala juu ya magunia, lakini Mungu peke yake alimwinua. Watu wakasema amina. Nilimtazama Baba ili anielezee, maana nilidhani nimesikia vibaya. Baba alisema amina.

Kisha sadaka ikapitishwa. Chombo kilianzia mbele kikaja safu kwa safu, na kabla hakijafika nililiona waridi. Lilikuwa bakuli la Mama. Lilikuwa na noti na shilingi ndani, na Baba alipolipokea alilinyanyua kidogo, kama mtu anayepima uzito, akatazama chini yake. Mstari wa bluu ulikuwepo. Watu wa benchi walikuwa wanangoja. Baba alitia mkono mfukoni, akatoa nauli yetu ya kurudi, akaiweka ndani, akampa bakuli mtu wa pili.

Chakula kiliishia benchi la mbele yetu. Tulirudi kwa miguu kando ya Jogoo Road, na Baba alinibeba mgongoni sehemu kubwa ya njia ingawa nilikuwa nimeshakua. Mama alikuwa ameketi mlangoni. Alitazama mikono yetu.

"Mmekula?"

"Tumekula," Baba akasema.

"Na bakuli langu?"

"Sikuliona."

Mama alinitazama mimi, halafu akaingia ndani akawasha jiko, akatupikia ugali.

Siku hizi najua zaidi. Nimesoma kwamba baadhi ya wajukuu wa wale wenyeji hawali kitu siku hiyo. Hukusanyika na kuomboleza, wengine wakishiba. Na hapa Nairobi maduka yameiga ile Ijumaa inayofuata, yanabandika karatasi za bei iliyopunguzwa, na mwanangu aliniuliza ni sikukuu gani. Nikamwambia ni siku ya watu kununua vitu baada ya kushukuru. Akauliza walimshukuru nani. Nilimwambia amalize hesabu zake.

Turudi mazishini. Baada ya hotuba yake, Muli alikalishwa kiti cha mbele chini ya turubai, na mimi, mwana wa marehemu, nikampelekea sahani kwa mikono miwili, maana ndivyo tulivyolelewa. Alikula vizuri. Kando yetu Mama alikuwa amesimama kwenye beseni la vyombo. Hakuwa anaosha. Alikuwa anapindua mabakuli moja moja na kuangalia chini, kama anavyofanya kwenye kila matanga, miaka yote hii, kwa sababu mumewe alimwambia hakuliona.

Alipomaliza alifuta mikono akaja mpaka kwenye kiti cha Muli. Muli alitaka kuinuka ampe pole, Mama akamzuia begani.

"Muli," akasema, "bakuli langu utalileta lini?"

Muli alicheka, akawatazama waliokaa karibu, kama mtu anayewaambia ni uzee na msiba. "Bakuli gani tena, Mama?"

"Ulilokuwa unakulia."

"Aii, Mama. Nitakununulia mengine. Dazeni nzima."

"Sikukuuliza mengine," Mama akasema.

Hakuondoka. Alibaki amesimama pale, mkono umeshika bega la suti ile, na Muli hakujua afanye nini na chakula kilichokuwa mdomoni.